Samaki Niliyemwinua Juu ya Maji

Kambi ya Mto Tallis,
British Columbia.
9 Novemba 1999

Mpendwa Mjomba Ambrose,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka huku mbali. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Newfoundland? Mimi ni mzima, ila mabega yananiuma kwa makasia na mikono imepasuka kwa maji ya barafu.

Najua utashangaa kupata barua yangu. Miaka mitano imepita tangu nilipokukaripia mezani kwako, mbele ya watoto, kwamba nyinyi wavuvi wenyewe ndio mliomaliza chewa wa kwetu mkatuacha bila kazi. Naandika kukuomba radhi.

Huku kuna samaki aitwaye stilihedi. Huzaliwa mtoni, huenda baharini, kisha hurudi kutaga. Watu wenye nafasi hutoka mbali kuja kumvua kwa ndoano isiyo na mwiba, halafu humwachia. Mwanzoni nilicheka. Kwetu nani alivua samaki ili amrudishe?

Mwaka huu mto umepungua, maji ni maangavu mno, samaki hawana pa kujificha. Waliorudi ni wachache, lakini mashua hazipungui. Kwenye kidimbwi kimoja cha mto nilihesabu mashua tisa. Tumekuta hata samaki mwenye makovu mawili ya ndoano mdomoni.

Alhamisi nilimpigia makasia mgeni mmoja, mzee Lindqvist, mcheshi kweli. Akanasa jike kubwa, tumbo limejaa mayai. Sheria ya kambi ni kwamba samaki asitoke majini, hasa siku ya baridi ya jalidi, maana matamvua yake ya kupumulia huganda. Mzee akanibembeleza, "Picha moja tu, kijana! Mke wangu anaapa sijawahi kushika hata chura." Nikacheka, nikamwinua. Kamera ikagoma kwa baridi. "Ngoja, ngoja, usimshushe!" Nami nikangoja.

Nilipomrudisha, nilimshika mkia, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, ili maji yapite kwenye matamvua apumue. Nilimshika hadi vidole vikafa ganzi. Akalala ubavu, amekufa.

Na haliwi, Mjomba. Huyu hata akifia mkononi mwako, sheria inataka umrudishe mtoni. Mimi niliyelelewa kwako, ambako hata kichwa cha samaki hakikutupwa, nilimsukuma akaenda na maji, na mayai yake yote.

Kambini nilimweleza Verna, kiongozi wetu. Akaniuliza, "Selwyn, ulijua?" Nikasema nilijua. "Basi kapasue kuni. Kwenye mashua sikutaki." Sikumlaumu.

Tangu hapo nakuwaza wewe. Nilidhani samaki humalizwa na watu walafi. Kumbe mimi niliua nikimfurahisha mgeni, kwa dakika moja, huku nikijua. Wewe ulikuwa na watoto sita wa kulisha, na wa saba nikiwa mimi. Sikuwa na haki ya kusema niliyosema. Nisamehe.

Wanasema mto huenda ukafungwa mwakani, usivuliwe tena. Ukifungwa, nitarudi. Kama hutaki nikanyage kwako, niandikie tu hivyo, nitapanga chumba mjini wala sitakuwa na kinyongo. Lakini ningependa kulala kwako.

Nisalimie mkeo Drusilla na binamu yangu Maud. Mungu akupe pumzi ya kuvuka baridi hii.

Wako, akupendaye ingawa amechelewa kukwambia,

Selwyn