Mishipa Iliyochipua Vidoleni Mwako

Bibi,

Shikamoo. Nimeandika salamu, kisha nikainua kalamu kama vile utaitikia. Wiki ya tatu sasa tangu tukuzike, na bado nasubiri.

Jana nilirudisha ule mkongojo wako tulioazima hospitali. Daktari, yule dada mwenye miwani, akaniuliza vidole vyako vilianza kuvimba lini. Nikamwambia tangu nikiwa kidato cha kwanza, na kwamba kila asubuhi nilikukanda kwa maji ya moto na chumvi, maana huku Gare baridi ni kali. Akatikisa kichwa, akachora kiungo nyuma ya karatasi.

Bibi, haikuwa baridi. Kinga ya mwili wako yenyewe ilikuwa inashambulia viungo vyako. Utando wa ndani ya kiungo ulivimba, ukawa unatoa kemikali za kuamuru mishipa mipya ya damu ichipue, nayo mishipa ikaulisha uvimbe, ukazidi kukua na kula mfupa. Nimesoma biolojia miaka minne nikijua mshipa wa damu ni uhai. Sikujua mwili unaweza kujichimbia mfereji wa kumwagilia ugonjwa, kama sisi tunavyomwagilia kabichi. Nilishindwa hata kuikunja ile karatasi. Akasema uvimbe wa miaka mingi huchosha hadi moyo. Moyo, Bibi, uleule uliosimama. Sisi tulikuwa tunaangalia vidole.

Dawa zipo, alisema, mtu akiwahi.

Nikakumbuka siku ile kliniki. Ulimwambia daktari, "Sijambo, mwanangu, ni baridi tu." Mimi nilikuwa nyuma yako nimeshika kapu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekufungia vifungo vyote vya blauzi, hukuweza hata kimoja. Nilinyamaza, maana mkubwa akishasema mtoto haongezi. Tulipotoka ukanitania, "Wewe, ulimi umeusahau nyumbani?" Nikacheka. Nilicheka, Bibi.

Leo asubuhi mama amenipa kisu nimalizie kumenya viazi. Vidole vyake vimekakamaa. Nilipomuuliza akasema, "Ni baridi tu."

Maneno yako yaleyale.

Jumatatu nampeleka hospitali. Sitasimama nyuma na kapu. Akisema ni baridi, nitamwomba radhi, kisha nitaeleza yote niliyoona, hata sauti ikitetemeka.

Pumzika, Bibi yangu. Safari hii ulimi siusahau nyumbani.

Mjukuu wako