Kipande cha Mama Mlangoni

Jumapili. Mvua ilianza kabla sijatoka kwenda kanisani, na mpaka sasa jioni haijaamua kuacha. Uani pamejaa maji, umeme umekatika ukarudi, na macho yangu yamevimba. Simwandikii mtu. Naandika kwa sababu nikikaa bure nitalia tena, na mwanangu Godlisten ameshaanza kunitazama kwa jicho la kutaka kunipeleka hospitali.

Kisa chenyewe ni sinema ya kutisha. Mtu mzima, bibi wa watu, nalia kwa ajili ya sinema ya kutisha.

Nimo kwenye kundi la WhatsApp la wapenzi wa sinema za zamani. Wengi wetu tumekulia Kariakoo, Ilala na Gerezani, na sasa ni wastaafu tusio na kazi ila kubishana. Siasa hatugusi. Tunabishana lile jumba lenye ukungu lilikuwa kwenye sinema ipi, nani alikuwa mnyonya damu mkali zaidi, yule mrefu mwenye joho jeusi au yule mwenye macho mekundu, na kwa nini wale wasichana wa Kizungu walikuwa wanafungua madirisha wakati wameshaambiwa wasifungue. Yupo mmoja wa Unguja, huyo anatukoga sana, maana kwao televisheni ilikuwepo wakati sisi huku bara hatujui hata inafananaje. Anasema tamthilia za majumba yenye mizimu aliziangalia akiwa amekaa mkekani kwao, anakula zake mihogo. Tunamwacha ajidai.

Wiki iliyopita nikaandika kuhusu kipande ninachokipenda kuliko vyote. Kuna mama amekufa, naye amefufuka pamoja na wale wanyonya damu, anarudi nyumbani kwake. Anafika mlangoni anapiga hodi. Mtoto wake yuko ndani, anamwambia karibu. Na mama haingii. Anasimama palepale kizingitini, anamtazama mwanawe mpaka anaridhika, halafu anageuka anaondoka zake bila kumng'ata mtu.

Babu Sefu, ambaye kwenye kundi ndiye anajifanya mjuaji wa kila kitu, akanijibu: "Dada Aika, hicho kipande hakipo. Sinema ile nimeiona mpaka nimeichoka. Umeota."

Wenzake wakajaza vile vikatuni vya kucheka.

Khaa! Nimeota!

Nilikasirika mpaka chai ikapoa mezani. Nikamwandikia maneno ambayo mwanamke wa kanisani hatakiwi kuyaandika, nikayafuta, nikaandika mengine mabaya zaidi. Lakini chini ya ile hasira kulikuwa na woga, na leo wacha niseme wazi. Kile kipande ndicho kilichonilea. Kama hakipo, basi sijui miaka yote hii nilikuwa nimeshikilia nini.

Maana sinema ile mimi mwenyewe sikuwahi kuiona. Nilihadithiwa.

Enzi hizo za Ujamaa baba alikuwa na kiduka cha vipuri vya baiskeli Kariakoo, na tulipanga vyumba viwili kwenye nyumba ya kina Zuhura, watu wa pwani, wenye mji wao. Korido katikati, vyumba huku na huku, uani kisima, jiko na choo. Baba alikuwa mzee wa usharika na kwake sinema zote zilikuwa kazi ya shetani, ile ya kutisha ndiyo usimtajie kabisa. Lakini mjomba wake Zuhura alikuwa anakata tiketi mlangoni kwenye jumba moja la sinema mjini. Basi Jumapili mchana Zuhura, aliyekuwa amenizidi miaka michache, anavuka Mnazi Mmoja kwa miguu, mjomba anamwingiza, anakaa nyuma kabisa. Akirudi alasiri anatukuta uani tunachambua mchele, siku zenye mchele, na hapo ndipo sinema yetu inapoanza.

Jamani, Zuhura alikuwa anajua kuhadithia! Kiingereza alikuwa hajui hata cha kuombea maji. Akiona Mzungu amefungua mdomo, anamjazia maneno mwenyewe. Kwa hiyo wanyonya damu wake, sisi tukiwaita mumiani, walikuwa na adabu zote za Kariakoo. Mumiani akikutana na bibi kizee kwanza anamwamkia shikamoo, anasubiri marahaba yake, ndiyo anamng'ata shingo. Bwana mkubwa wa lile jumba alikuwa anapanga foleni ya sukari kama sisi, ila yeye ya kwake anaweka kwenye damu. Tulikuwa tunaangua kicheko na huku nywele zimesimama.

Na mumiani wa Zuhura haingii nyumba ya mtu mpaka akaribishwe. Anasimama nje, anapiga hodi. Ukijibu karibu umekwisha. Tena, akasema Zuhura, akiwa ametoa macho, usidanganyike na sauti, maana wafu wana uwezo wa kuazima sauti ya mtu yeyote.

Basi mtaa ukaharibika.

Watoto wote wa nyumba ile tukaacha kusema karibu. Mgeni anapiga hodi, kimya. Anapiga tena, kimya. Mama yake Zuhura yuko jikoni na moshi wake hasikii, na sisi tumejibanza koridoni tunabana pumzi. Muuza maziwa aliondoka na maziwa yake. Shangazi mmoja wa kutoka Bagamoyo alikaa barazani na mzigo wake wa samaki mpaka jua likamchoma, alipoingia hakutaka kuongea na mtu.

Siku moja jioni akaja balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mwinchande, kutangaza mkutano. Mkali, anapenda heshima. "Hodi hapa!" Kimya. "Hodi wenyewe!" Kimya. Akasikia tunavyohema. "Nyie watoto, si nawasikia? Hodi!"

Mmoja wetu akapiga kelele, "Onyesha meno kwanza!"

Mzee Mwinchande akachungulia mlangoni, akaachama kutaka kututukana. Sasa yule mzee, Mungu amrehemu, meno ya mbele yalikuwa yameshang'oka yote. Yalikuwa yamebaki yale mawili marefu ya pembeni.

Weee! Nyumba ilipasuka. Waliokimbilia chumbani, waliokimbilia chooni, aliyekanyaga ungo wa mchele, mchele wa foleni ukamwagika wote. Mpaka leo tukikutana kwenye msiba mtu akitaja meno ya Mzee Mwinchande tunalazimika kutoka nje.

Mimi sikukimbia.

Mimi nilikuwa nimebaki peke yangu katikati ya korido, na nikasema, "Karibu."

Mama yangu alikuwa amefariki mwaka ule. Aliumwa, akapelekwa hospitali, na hakurudi. Baba akamsafirisha kwenda kumzika kwetu Kilimanjaro, kihambani, kwenye migomba, kama ilivyo desturi yetu. Mimi sikupelekwa. Walisema safari ni ndefu na nina homa. Kwa hiyo sikumwona akizikwa, na kichwani mwangu mama alikuwa yuko mahali fulani njiani. Wenzangu waliposikia kwamba wafu wanaamka wanarudi kwao waliogopa. Mimi nilikuwa nawaza Kilimanjaro ni mbali kiasi gani kwa miguu, na kama akifika Dar ataujua mtaa wetu, maana nyumba za Kariakoo zinafanana. Na kama wafu wanaazima sauti, basi hata sauti ya Mzee Mwinchande ingefaa. Kung'atwa nilikuwa nimeshakubali.

Mzee akaingia. Nikachungulia nyuma yake kuona kaja na nani. Hakuwa na mtu. Nikaanza kulia, kilio cha kugaragara chini, na yule mzee wa watu akachanganyikiwa, anadhani ameniua kwa meno yake. Akawaambia wakubwa kwamba nyumba hii haina malezi. Baba akanibeba akaniingiza ndani. Mtaa mzima ulicheka tukio lile, na kila mtu akajua Aika mtoto wa Mchaga ni mwoga kuliko wote.

Zuhura tu ndiye hakucheka. Alikuwa amesimama mlango wa jikoni, ananitazama.

Hadithi zikapigwa marufuku uani. Lakini Jumapili iliyofuata nilikuwa nimekaa nyuma ya duka la baba, kwenye matairi mabovu, Zuhura akaja akakaa pembeni yangu. Akasema kwa sauti ya chini, kama anayenipa siri, "Aika, ile sinema kuna kipande nilisahau kuwahadithia."

Ndipo akaniambia kuhusu yule mama. Kwamba katika wale mumiani wote alikuwepo mmoja ambaye hakuwa na kiu ya damu, alitaka kumwona mwanawe tu. Kwamba alitembea kutoka mlimani mpaka mjini na hakupotea njia. Kwamba mtoto alimwambia karibu, na mama hakuingia, siyo kwa sababu hampendi, ila waliokufa wakiingia wanaondoka na mtu, na yeye hakutaka kuondoka naye. Alimwangalia tu. Akamwambia, "Nimekuona. Sasa funga mlango, baridi inaingia." Mtoto akafunga mlango, na mama akarudi kwake akapumzika.

Nilimwuliza Zuhura, kweli? Akaniapia kwa Mungu wake na kwa Mungu wangu.

Siku ile nikaacha kukaa koridoni kusubiri hodi. Sijui nieleze vipi. Nikajua mama alishakuja.

Nimeishi na kile kipande. Nilipokuwa najifungua Godlisten nilikiwaza. Baba alipofariki nilikiwaza. Wengine wana aya zao na zaburi zao, na mimi zaburi ninazo, ila usingizi ukinikataa mimi narudi kwenye sinema.

Leo baada ya chakula Godlisten akaipata mtandaoni, akaiweka kwenye televisheni kubwa. Nilifunga mapazia, nikazima simu, nikavaa miwani. Nikamwambia atulie, asiniharibie.

Mwenyezi Mungu! Popo walikuwa wananing'inia kwenye kamba na kamba inaonekana. Damu ilikuwa nyanya ya kopo. Lile jumba kuu la kutisha, mtu akifunga mlango ukuta unatikisika. Godlisten akacheka mpaka akakohoa, "Mama, hii ndiyo ilikuwa inawatisha?" Nikamwambia nyamaza wewe, hujui kitu. Lakini na mimi nilikuwa nacheka, na nilikuwa na furaha, maana kila kitu kilikuwepo: joho, ukungu, wasichana na madirisha yao.

Kisha wafu wakaanza kushuka kijijini. Nikakumbatia mto wa kochi. Mwanamke mmoja mwenye nguo nyeupe akaja mpaka kwenye mlango wa nyumba, akagonga.  Mlango ukafunguliwa na mwanamume mwenye mandevu, akang'atwa pale pale, basi. Hakuna mtoto. Hakuna mama. Wakaenda nyumba ya pili.

Nikangoja mpaka mwisho, mpaka majina yakapita yote. Nikamwambia Godlisten arudishe nyuma. Akarudisha. Nikamwambia labda wamekata. Akasoma huko mtandaoni, akasema hapana mama, hii ni nzima, haijakatwa kitu.

Babu Sefu alisema kweli.

Nilijifungia chumbani. Nililia kama siku ile ya Mzee Mwinchande, na nilijiona mjinga, maana nilikuwa nafiwa upya na mtu aliyezikwa tangu enzi za foleni. Halafu uchungu ukageuka hasira. Nikamsaka Zuhura kwenye simu. Yuko Magomeni kwa binti yake, ana wajukuu wengi kunishinda, na sauti ni ile ile.

Sikumsalimia vizuri. Nikamwambia, "Zuhura, nimeiangalia ile sinema. Yule mama hayumo."

Akauliza mama gani. Nikamkumbusha, matairi, nyuma ya duka, mama aliyesimama mlangoni. Nikamwambia uliniapia. Nikamwambia watu wananicheka. Niliongea mpaka pumzi zikaniishia.

 Nikasikia kwake wajukuu wanagombana na mtu anakaanga kitu.

"Sasa Aika," akasema, taratibu kabisa, "ulitaka nikwambie nini? Ulikuwa huli. Mama yangu alikuwa anakupakulia kila siku na sahani inarudi vile vile. Nilimsikia anamwambia baba yangu, huyu mtoto tutamzika."

Nikakaa kitandani, simu iko sikioni.

"Sinema sikuwa nayo nyingine," akasema. "Nikakutengenezea."

Kwenye kundi nimeandika kwamba Babu Sefu ameshinda, kipande hakipo, nilichanganya. Ameniwekea kidole gumba na ua. Sikuona haja ya kumweleza zaidi.

Nimekaa hapa kitandani nasikiliza mvua. Kumbe kulikuwa na mtoto wa miaka kama kumi na tatu aliyeniangalia nikiwa nimegaragara koridoni, akaenda zake kufikiri wiki nzima, akarudi na mama yangu. Na wala hakuwahi kunidai asante, na mimi sikuwahi kuitoa kwa sababu nilidhani ni kazi ya Wazungu.

Kesho naenda Magomeni, mvua iwepo isiwepo. Nitamwambia anihadithie tena, kuanzia mlimani.