Kelele Chini ya Kiti cha Papa

Papa,

Gari lako lilianza kulia. Nakuambia hilo kwanza, kabla hata ya habari za Mama na magoti yake, maana najua ungeanza kuulizia gari. Usikatae. Siku ile mimi binti yako niliporudi na cheti changu cha ufundi uliniuliza kama nimeangalia mafuta ya injini, ndipo ukanikumbatia.

Lilianza wiki ya pili baada ya kukuzika. Mama alitaka kwenda kanisani na magoti yake yalikuwa yamekataa kabisa. Funguo zako zote alikuwa nazo Tonton Albert, mdogo wako, kama ilivyo desturi ya kwetu: za marehemu hukaa kwa mdogo wake mpaka siku ya kuondoa matanga, halafu ukoo ndio unaamua nani azipokee. Alinipa ufunguo mmoja tu, wa gari lako, ile quatre-quatre kuukuu, kwa ajili ya Mama. Gereji yako ya mtaa wa Kabondo alikuja kuifungua mwenyewe kila asubuhi. Aliketi mlangoni akisuka mitego yake ya samaki na kunitazama nikifanya kazi. Unamjua mdogo wako. Maisha yake yote yamepita kwenye maporomoko ya mto pale Wagenia, na mtu asiyejua kusimama juu ya mti katikati ya maji yanayokimbia anamwona hajakamilika.

Basi, nikamweka Mama kitini, nikawasha, tukatoka. Gia ya kwanza salama. Ya pili salama. Nilipoingiza ya tatu, chini ya miguu yangu kitu kikaanza kunguruma, sauti nzito na ya kukwaruza, kama mtu anayesafisha koo na hamalizi. Nikipunguza mwendo inanyamaza. Nikiongeza inarudi. Mama aliweka mkono kwenye kifua, akauacha pale mpaka tulipofika.

Papa, miaka yote niliyokaa na wewe katika gari hilo sikuwahi kusikia sauti ile.

Nilifanya yote uliyonifundisha. Nililiinua kwa jeki, nikazungusha magurudumu moja moja kwa mkono huku nimeweka sikio kwenye bisibisi ndefu. Kimya. Nikabadilisha beringi za gurudumu la mbele kushoto, kwa kuwa kelele ilionekana kutoka upande ule. Ikaendelea vilevile. Nikamwaga mafuta ya difu, zile gia za magurudumu ya nyuma, nikayachunguza kwenye mwanga nione kama yana vumbi la chuma. Safi. Nikatia grisi kwenye viungo vyote vya shafti, ule mhimili unaozunguka chini ya gari kupeleka nguvu nyuma. Nikaingiza ule mkono wa kuunganisha magurudumu ya mbele, nikautoa, nikauingiza tena. Kila nilipolala chini kila kitu kilikuwa mahali pake. Nikitoka barabarani, inakuja tena. Niliona aibu mpaka nikaanza kupita njia za nyuma ili watu majumbani wasinisikie.

Wakanisikia hata hivyo. Mtaa mzima ukasema gari linamlilia mwenyewe. Wazee walilisema kwa huruma, na vijana wa pikipiki walilisema kwa kicheko. Wateja wakaanza kupungua. Mtu akiwa na gari bovu, atampelekea vipi fundi ambaye gari la baba yake linapiga kelele? Hata mimi nisingempelekea.

Ndipo Tonton aliponiita. Alikuwa ameweka mtego chini, na hiyo kwake ni dalili mbaya. Akaniambia maneno machache: "Gode, mutoto yangu, mi sijue gari. Lakini gari ya papa yako iko nakataa weye. Siku ya matanga, kama inalia bado, gereji itaenda kwa Floribert." Floribert ni binamu yetu wa Isangi, ulimfundisha miezi mitatu akakimbia na spana zako mbili. Nilitaka kumkumbusha Tonton habari za spana. Badala yake nilihesabu siku zilizobaki, zilikuwa tisa, nikaenda kulilia nyuma ya pipa la mafuta machafu ambapo wewe ulikuwa ukijificha kuvuta sigara ukidhani Mama hajui.

Jumapili iliyofuata likatokea jambo la kuchekesha, ungecheka mpaka ushike meza. Baada ya ibada, yule katekista wetu mnene, unayemjua, mwenye tumbo linalofika mahali kabla yake, aliomba kuliombea gari. Watu wakazunguka. Akaweka mikono kwenye boneti, akaomba kwa sauti, kisha akasema aliendeshe mwenyewe ili tuone. Akapanda, akaenda mpaka barabara kubwa, akarudi kwa mwendo mzuri tu. Papa, halikulia! Wanawake wakapiga vigelegele. Mama alikuwa analia kwa furaha. Nikapanda mimi, kwa moyo mweupe, nikaingiza gia ya tatu, na likaanza kunguruma vibaya kuliko siku zote.

Hapo ndipo neno la Tonton lilipothibitika mbele ya kanisa zima. Gari linakataa mwanamke. Nilimwona Tonton akitazama chini, na sikusikia kicheko hata kimoja, jambo lililoniuma zaidi.

Nilirudi gereji nikiwa na hasira, na hasira ilinifaa kuliko machozi. Nikajiuliza swali la kijinga: katekista ana nini ambacho mimi sina? Sala? Nasali pia. Suruali? Nimevaa suruali ya kazi tangu nina miaka kumi na sita. Nikamkumbuka alivyopanda, namna gari zima lilivyoinama upande wake na mlango ukalia. Tumbo! Papa, katekista ana tumbo. Na wewe ulikuwa na tumbo kumshinda.

Nilichota mchanga nikajaza magunia mawili. La kwanza nikaliweka sakafuni nyuma ya kiti cha dereva, nikatoka barabarani. Kelele ikapungua, ikawa ya kuja na kuondoka. Nikarudi, nikaongeza la pili. Nikaenda mpaka karibu na daraja la Tshopo, kwa gia ya tatu, kwa gia ya nne, kwenye mashimo na kwenye tambarare, na gari lilikuwa kimya kama siku zako. Nilisimama kando ya barabara.

Gari halikuwa linanikataa. Lilikuwa limekukosa wewe, kwa maana ya kawaida kabisa, ya uzito. Lilizoea kubeba mtu mkubwa, na sasa mtu huyo hayupo.

Nililala chini yake hapohapo, juu ya majani, na safari hii nilijua pa kutazama. Bomba la moshi linapita chini ya shafti ya nyuma. Gari likisimama, kati ya vitu hivyo viwili kuna nafasi ya kidole, ndiyo maana sikuwahi kushtuka. Lakini dereva akiwa mwepesi mwili wa gari unainuka, bomba linainuka nalo, na kila barabara inaporusha kidogo, linaigusa shafti inayozunguka. Nilifuta tope, nikaona alama inayong'aa, mahali chuma kilipolamba chuma. Juu yake kuna kishikizo cha bomba, na mshono wake wa kuchomelea umepinda kama njia ya mchwa.

Mshono ule ni wangu. Wa kwanza maishani mwangu.

Nikakumbuka yote, Papa. Tulikuwa tumerudi kutoka Yangambi na bomba limekatika, moshi umetujaa machoni. Uliamua kulipitisha chini ya shafti badala ya juu yake. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilidhani utaingia chini mwenyewe. Wewe ukapanda kwenye kiti chako na kikombe cha kahawa, ukafunga mlango. "Bon, ingia chini, mi nakaa," ukasema. Nilikasirika, nikakuita mvivu, kwa sauti ndogo. Ukasikia. Ukachungulia dirishani: "Gari bila mutu inadanganyaka. Pima na mutu ndani." Kisha ukakaa pale saa nzima, bila kutikisika, kahawa ikapoa, huku mimi nachoma na kukosea na kuchoma tena. Kila nilipolaani ulisema, "malembe, malembe," polepole, nisiharakishe. Nafasi niliyopima siku ile ilikuwa sahihi. Ilikuwa sahihi kwa ajili yako.

Nitakwambia ukweli ambao sijamwambia mtu. Sikulitengeneza. Siku nne nzima niliendesha na magunia yale ya mchanga. Nilimwambia Mama ni ya ujenzi. Kazi ya kukata kile kishikizo na kukishusha kidogo ni ya muda mfupi, unaijua, lakini kila niliposhika mashine ya kukatia nilikuwa naiweka chini. Maadamu mchanga uko nyuma yangu, gari linadhani bado upo. Ndivyo nilivyojisemea, fundi mzima mwenye cheti. Nilikuwa nakukumbuka mno siku zile, hata harufu ya kahawa ya jirani ilinitoa machozi.

Tonton ndiye aliyeyagundua magunia. Alitaka kuweka samaki nyuma, akayaona, akaniuliza mchanga wa nini. Nilishindwa kudanganya. Nikamweleza kila kitu, uzito, bomba, shafti, mshono wangu, nikitarajia anicheke au anifukuze. Akanisikiliza mpaka mwisho, mikono mgongoni. Kisha akasema, "Mais, pirogi pia iko vile. Haupime pirogi bila mutu. Inakaa muzuri pale pale, unaingia, inazama upande moja." Papa, huyu mtu wa mitumbwi alielewa kuliko wanafunzi wote uliowahi kuwa nao! Akaendelea: "Na mwenye pirogi akikufa, unapima tena na mutu mwengine. Donc unangoja nini?"

Nikamwambia sina mtu wa kuingia chini nikiwa nimekaa. Akavua shati lake jeupe la matanga, akalikunja vizuri juu ya benchi, akaingia chini ya gari. Mdogo wako, Papa, ambaye hajawahi kushika spana, mgongo wake kwenye mafuta machafu.

Nilishusha magunia. Nikapanda kwenye kiti chako. Ni kipana, unajua, ngozi imebonyea mahali ulipokaa, na mimi nilikuwa nakaa pembeni siku zote, karibu na mlango, nikikuachia nafasi bila kufikiri. Siku ile nilikaa katikati. Tonton alinifokea nisitikisike. Akaweka alama kwa chaki, akatoka, nikaingia mimi na kukata na kuchoma. Mshono huu umenyooka. Ungeupitishia kidole na usingesema kitu, na kwako kutosema kitu ndiyo sifa.

Siku ya kuondoa matanga Tonton alinipa funguo zako zote mbele ya ukoo wote. Floribert alikuwepo, akapiga makofi kwa adabu. Tonton hakutoa hotuba. Alisema tu, "Gode ameipata ile kelele," na watu wa mto hawahitaji zaidi ya hapo.

Kesho yake nilimpeleka Mama kaburini kwako kuvua nguo nyeusi. Gari lilikwenda kimya, nami nilikuwa natabasamu kama mjinga, nikingoja anisifu. Tulipokaribia, akasema nizime injini. Nikazima.

"Ile kelele iko wapi?" akauliza.

Nikamwambia nimeitoa, nikaanza kumweleza bomba na shafti. Hakuwa anasikiliza. Alikuwa anatazama mikono yake. "Kila Jumapili nilikuwa nasikia yeye," akasema. "Sasa sisikii."

Papa, moyo wangu ulivunjika. Sikuwa nimefikiri hata kidogo kwamba sauti iliyokuwa inaniaibisha ilikuwa inamliwaza. Nilimwambia naweza kuirudisha, dakika kumi tu, nyundo ninayo nyuma. Nilikuwa nimeshafungua mlango.

Akanishika mkono. Alivua kitambaa cheusi kichwani, akakikunja mara mbili juu ya mapaja, na uso wake ukaonekana mdogo, wa zamani, kama kwenye ile picha yenu ya harusi.

"Acha, mwana. Mutu anapumzika."

Basi pumzika, Papa. Sitakushikilia tena kwa mchanga wala kwa chuma. Mama nitambeba kila Jumapili, na akitaka kwenda Yanonge kwa ndugu zake nitampeleka, hata mvua ikinyesha, na akitaka kulia njiani nitaendesha polepole mpaka amalize. Gereji iko wazi. Nakupenda. Lala salama.

Gode wako