Antena ya Kuondoa Kisingizio

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mapenzi yaleyale ya siku tulipokuwa tukigombea kiti cha dirishani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako limetulia, na macho yako bado yanauweza mwandiko wangu ambao siku hizi unayumba. Mimi sijambo. Mwanao, binti yangu, naye hajambo, na anakuamkia sana shangazi yake. Mumewe pia hajambo, na hapo ndipo penye maneno.

Najua barua yangu iliyopita ilikukosesha usingizi. Nilikuandikia kwamba mkwe wangu ana nyumba nyingine ng'ambo ya korongo, na kwamba uandae chumba cha kumpokea mtoto wetu arudi kwenu na heshima yake. Ulinipigia simu papo hapo, lakini ulinong'ona kama mtu anayeficha jambo, nikakata kwa hasira nikisema hata dada yangu yumo. Sasa tulia usome mpaka mwisho. Usiruke kurasa, nakujua.

Kwanza uielewe kazi yetu ya huku. Mkwe wangu hupeleka vyakula na vipuri kwenye machimbo ya mawe. Hakuna barabara, kuna alama za magurudumu tu zinazopita kwenye miiba na majabali. Katikati pana korongo, na njia iliyochongwa ubavuni mwake inatosha gari moja. Wakikutana madereva wawili mle ndani, mmoja lazima arudi kinyumenyume na shimo liko pembeni. Huko njiani simu hazishiki. Kwa hiyo kila gari lina redio ya upepo, nami nina ile kubwa mezani, karibu na dirisha la sebuleni. Dereva akifika mdomo wa korongo, husimama na kuniita. Nikimwambia teremka, anateremka. Nikimwambia subiri, anasubiri hata kama ana mgonjwa.

Kazi hii nilipewa kwa sifa za zamani. Unakumbuka kule relini walivyoniita Sikio, kwa sababu nilimtambua mwenzangu wa kituo kingine kwa pumzi tu, kabla hajatamka neno. Kazi ya reli ilipokwisha tukatawanyika, niliacha nyumba, vitabu na kaburi la wifi yako. Jina lile nilikuja nalo.

Basi mkwe wangu akaanza kunyamaza. Akiondoka hapa namsikia vizuri, akikaribia korongo kimya. Jioni nikimuuliza, anasema antena imevunjika. Ya kwanza ilikuwa ya sumaku, ya kubandika juu ya paa, akasema tawi limeizoa. Nikakubali, maana sumaku si kitu mbele ya mti. Ya pili ilikuwa nyembamba, imefungwa kwenye bampa la nyuma, akasema jiwe. Nikakubali nusu. Ya tatu ilikuwa ufito mrefu wa chuma, nami siku hiyo nikakiokota kipande kilichobaki na kukitazama kwa miwani. Chuma kilichopigwa na mti hupinda upande mmoja. Hiki kilikuwa kimepindwa huku na huku mpaka kikachoka, kama mtu anavyokata waya kwa mikono. Nilikifunga kwenye kitambaa nikakiweka chini ya mto.

Tangu hapo kila kitu kikaanza kunuka. Dereva wa lori la maji, tunayemwita Bwana Maji, alinikuta njiani akaniuliza tumbo linaendeleaje. Tumbo gani? Muuguzi wa machimboni naye akanitumia unga wa kutuliza tumbo, na salamu za pole. Mimi, ambaye nakula hata ukoko! Nikasema moyoni, hawa wanawazoesha watu kwamba mimi ni mgonjwa, ili siku nikiondolewa kwenye maiki asishangae mtu. Na mwanao, yule niliyemlea mwenyewe, kila saa ya mumewe kufika korongoni alikuwa anatoka kwenda kuanua nguo. Siku moja nilichungulia nikamwona kati ya mashuka, kitu cheusi kiko mdomoni, midomo inacheza. Kapu lilikuwa tupu. Mashuka yenyewe yalikuwa bado mabichi, hayakuwa ya kuanuliwa.

Kwa hiyo nikaamua kununua antena ambayo haitamwachia mtu kisingizio.

Nilikwenda kwa fundi wetu wa redio, tunayemwita Waya. Ni mtu mwema lakini hana adabu, ananipigia kelele kama anayeita ng'ombe. Alinitandazia antena mezani kama muuza vitambaa. Ufito mrefu wa chuma, alisema, unafika mbali kuliko zote, lakini porini hunasa kila tawi na kuchapa kioo. Fupi kabisa ni imara, ila inasikia jirani tu. Nilichagua ya kati, ya faibaglasi nene, waya wake umezungushwa ndani, na chini yake nikataka springi nzito ya chuma, ili mti ukiipiga iiname na kusimama tena. Sumaku nilikataa. Bampa la nyuma nilikataa pia, kwa sababu bodi ya gari hula nusu ya mawimbi na majabali hufika pale. Tuliifunga kwa bolti kwenye kona ya juu ya madigadi ya mbele, mbele ya macho ya dereva. Nilisimama hadi Waya akakwangua rangi ili chuma kigusane na chuma, akapitisha kebo kwenye tundu lenye mpira badala ya mlangoni, maana mlango hutafuna kebo taratibu bila mtu kujua. Mwisho akaipima kwa mita na kuirekebisha urefu mpaka mawimbi yakaacha kurudi nyuma. Nilimwambia sasa tutajua mbichi na mbivu. Waya alicheka, akasema kwa kelele zake kwamba antena ya kushinda miti anayo, ya kushinda wakwe bado haijatengenezwa.

Kabla gari halijaondoka, niliipaka nati rangi ya kucha ya mwanao, ile nyekundu. Mtu akiifungua, rangi itapasuka, nami nitakuwa na ushahidi.

Mdogo wangu, siku hiyo kulikuwa kimya kama kaburi. Mkwe wangu alirudi, antena imesimama wima, rangi ya kucha haina hata ufa. Nilimuuliza kwa nini hakuniita. Alimtazama mkewe kwanza, halafu akamumunya kitu kuhusu kilima. Kilima ambacho kimekuwepo miaka yote na hakijawahi kuzuia sauti! Vijana wa siku hizi wote wanamumunya, lakini huyu amezidi. Usiku huohuo ndipo nilipokuandikia habari ya nyumba ya pili.

Safari iliyofuata sikugusa gazeti. Niliikazia macho redio kama paka anayevizia. Na paka mwenyewe alikuwepo, huyu wetu wa kijivu, ambaye hapa nyumbani anamjali mkwe wangu peke yake. Saa ya mkwe wangu kufika korongoni ilipotimia, mwanao akachukua kapu lake tupu akatoka. Mara paka akainua kichwa. Akasimama, akaruka mezani, akaja kunusa spika. Nikatazama kioo cha redio. Ule mshale unaopanda sauti inapoingia ulikuwa umepanda. Ukashuka, ukapanda tena, kwa mwendo wa mtu anayeita, anasubiri, anaita. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Sikusikia kitu.

Nikadhani spika imekufa. Lakini dirishani niliona mwanao ameinua kile kitu cheusi, nami nikaanza kuzungusha chaneli moja baada ya nyingine, nikijua sasa nimewashika. Kwenye chaneli ya mbele kidogo sauti yake ikalipuka hadi paka akakimbia. Alikuwa akisema kwamba Baba yuko chooni tena, tumbo limemkamata, amemwachia yeye maneno, korongo ni tupu, teremka mume wangu pole pole. Kisha mshale ukapanda kidogo, ukatulia pale muda wa mtu kusema ahsante. Na mimi sikusikia ahsante hiyo.

Nilizima redio nikakaa.

Kesho yake nilikwenda kwa Waya nikamwomba aseme kwa kelele zake zote. Alisema. Siku ile ya antena ya sumaku, mkwe wangu aliniita mpaka akachoka, akaingia korongoni bila ruhusa, akakutana na Bwana Maji uso kwa uso katikati. Lori lilirudi kinyumenyume, tairi moja likielea hewani juu ya shimo. Wote wawili wakakubaliana kwamba Sikio asiambiwe. Mwanao akatafutiwa redio ya mkononi, madereva wote wakapewa chaneli ya pili ya kuhamia wakiniita bila kujibiwa, na lawama zikagawanywa: kwangu antena, kwa madereva tumbo. Zile zilizofuata mkwe wangu alizivunja kwa mikono yake. Waya alisema alizivunja akiwa amegeuza uso.

Sauti ya karibu naisikia. Ya mbali na ya chini imeniacha, sijui tangu lini.

Jioni tulipokaa mezani nilitangaza kwamba tumbo limenizidi. Nikasema mtu wa tumbo kama langu hafai kushika maisha ya watu, na kuanzia kesho maiki ashike mwanangu, mezani, kwenye chaneli yetu ileile, aache kusumbua mashuka. Mwanao aliinuka ghafla kwenda jikoni, ambako hakukuwa na kitu cha kufuata. Mkwe wangu alisukuma sahani yake kando. Kisha akainua sauti, neno moja moja, kama Waya, akaniuliza ni nani aliyeipaka nati yake rangi ya kucha. Na kama mtu huyo ana nafasi, akasema, yeye dereva anahitaji mtu wa kukaa naye kiti cha mbele, maana njia ile inataka macho ya watu wawili.

Kwa hiyo barua hii naimalizia nikiwa nimefunga viatu. Kwenye hicho chumba ulichoandaa weka cherehani yako, na wale uliowaambia habari ya nyumba ya pili, waambie kaka yako alikosea. Usiwaambie kwa nini. Hilo nimekuambia wewe tu.

Wasalimie wote wanaonikumbuka. Usinipigie simu tena, mdogo wangu, niandikie. Najua sasa kwamba siku ile hukunong'ona.

Ni mimi kaka yako,
uliyekuwa ukiniita Sikio