Ijumaa Ulipoacha Fyuzi Ukutani

Shemeji Ambakisye,

Ijumaa, wiki tatu zilizopita, saa nne na dakika ishirini na tano asubuhi, tulikupoteza ndani ya nyumba ya kukaushia pareto. Naiandika saa kwa sababu nina hakika nayo, na kwa sababu saa ndiyo iliyokuua. Siyo waya. Wao wanasema waya. Meneja kasema waya, karani mkuu kaandika waya, hata mchungaji wa kwenu Mbeya alisimama juu ya udongo akasema umeme una hasira kama simba. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Nilinyamaza.

Ulikuwa unanitania, "Shemeji Zakaria, wewe ukifa utamuuliza malaika kaburi lina futi ngapi." Basi la kwako nililipima. Futi sita na inchi mbili kwenda chini, futi saba urefu. Ndugu zako walinitazama kama mwendawazimu nikiteremsha kamba, lakini sikuwa na kazi nyingine ya kuipa mikono yangu.

Nakuandikia leo Jumapili, baada ya ibada, kwenye meza yangu ya mizani hapa shambani. Ukungu umeshuka toka Igowole mpaka mlangoni, na nyumba ya kukaushia siioni. Afadhali.

Kwanza nikueleze yaliyobadilika. Tulikusafirisha kwa lori la shamba, Mufindi hadi Mbeya, muda wa saa kumi na moja njiani kwa sababu ya tope. Dada yangu Yudita alikaa nyuma na wewe, kanga mbili na blanketi moja, akakataa kabisa kuja mbele kwa dereva. Mama yako alitupokea barabarani. Hakulia mwanzo. Alishika mkono wangu akasema, "Ndaga, baba, asante kwa kumleta." Halafu akauliza mbele ya watu wote: "Mwanangu alikuwa anazijua waya kuliko majina ya shangazi zake. Waya zimemuua vipi?" Nikaangalia viatu vyangu.

Moto wa mafuta wameuzima. Wamerudi kwenye kuni, kama zamani kabla hujaja. Ile saa ya kuwasha na kuzima moto uliyoifunga iko kabatini kwa meneja, imefungwa kwenye gunia. Yudita ameambiwa nyumba aiache mwisho wa mwezi, kwa kuwa fundi aliyefanya kosa hana haki ya nyumba. Na wanao, shemeji. Juzi mtoto mmoja wa kambini kamwita Tumaini "mtoto wa fundi aliyejichoma." Tumaini akaja kuniuliza kama ni kweli ulijichoma. Nilimwambia hukuungua hata unywele. Hilo ni kweli. Mengine sikumwambia.

Sasa nataka nikukumbushe kazi yenyewe, maana kila mtu anaisema na hakuna anayeijua ila mimi na wewe.

Alhamisi ile ulianza kama ulivyoanza siku zote: ukazima swichi kubwa, ukachomoa fyuzi, ukaitia mfukoni. Mwaka wa kwanza nilikuuliza mbona usizime swichi tu ukaridhika. Ukasema, "Swichi inaweza kuwashwa na yeyote mwenye kidole. Fyuzi ikiwa mfukoni mwangu, anayetaka kuniua itabidi kwanza anivue suruali." Kina mama wa trei walicheka mpaka wakaketi chini.

Halafu ukanieleza, mimi karani wa mizani niliyeishia darasa la pili na hesabu nyingine nikajifunza kwenye magunia. Ulisema kile chombo kipya ulichokuwa unakifunga hakitengenezi moto. Ni mlango tu. Chuma ndani yake kikipoa kinajikunja, mlango unafunga njia, umeme unapita, jiko la mafuta nje ya ukuta linawaka. Kikipata joto digrii mia na ishirini za Farenhaiti kinajikunjua, njia inakatika, jiko linazimika. Waya tatu. Mwekundu kutoka kwenye swichi kuingia skrubu ya juu, mwingine kutoka skrubu ya chini kwenda jikoni, na wa kijani kwenda ardhini. Ulizivuta kwa mkono mmoja baada ya kukaza, kila mmoja mara tatu, ukaniambia nami nivute. Nilivuta. Hazikutikisika. Kwa hiyo mtu akiniambia waya zilikaa vibaya, najua anasema nini: anasema uongo, na huo uongo una msaada wangu ndani yake.

Kisha ile saa, sehemu ya chombo iliyotokeza nje ya ukuta, kando ya mlango. Uso wake una namba moja mpaka ishirini na nne, na mshale unaonekana kwenye kioo. Chini, nyuma ya bati, pini mbili: moja ya kuzima, moja ya kuwasha. Meneja alitaka moto ulale kila siku saa nne asubuhi mpaka saa nane, kina mama waingie kugeuza maua. Tulijua wote kwa nini lazima ulale. Bomba la moto lina ufa pale kwenye kona, moshi wake hauonekani na haunuki, na mbwa wa mlinzi alikufa mle mwaka juzi. Meneja aliambiwa kuhusu ufa huo. Akasema bomba jipya litakuja na meli. Saa ya moto ilikuja na meli. Bomba halikuja.

Karatasi ya meneja ilisema 10 na 14, kwa kizungu. Ulinipa mimi. "Waya zangu, namba zako," ndivyo tulivyogawana tangu mwanzo. Nikakuandikia kando, kwa hesabu yetu, nne na nane, ili uelewe haraka. Halafu nikaitwa kwenye mizani, magunia thelathini na saba yalikuwa yanasubiri, nikakuacha umalize peke yako.

Ijumaa saa moja asubuhi nilipita. Wewe ulikuwa bado unakunywa uji kwako. Nikafungua bati la chini, nikaona pini ziko kwenye 4 na kwenye 8.

Nikacheka, shemeji. Nilicheka kweli. Nikasema fundi huyu wa Mbeya, wa kina Mwaka-nani, kaniletea saa za kijijini kwenye mashine ya Ulaya. Nikaongeza sita. Nne nikaipeleka kumi, nane nikaipeleka kumi na nne. Nikafunga bati, nikaenda zangu na furaha, nikipanga nitakavyokutania mchana.

Sikuangalia mshale.

Mshale ulikuwa kwenye 1. Wewe uliiweka saa nzima kwa hesabu ya kwetu. Hukukosea hata kidogo. Saa ya kwetu, pini za kwetu, kila kitu kilikaa sawa, na mtu asiyejua kizungu angetazama kioo akajua lini aingie na lini asiingie. Mtu mwenye akili akaifanya kazi nzima ikawa sawa, na mtu anayejiona na akili akaja akairekebisha nusu: kwa mshale wako, pini yangu ya 10 ilikuwa saa kumi jioni, na asubuhi ile moto haukulala.

Saa nne ulikuja na koleo na bisibisi, kufunga klipu moja ya mwisho ya waya. Kina mama wanane walikuwa wamekaa nje na trei. Ukawaambia, "Malizeni kwanza viazi vyenu, niwape dakika kumi." Ukatazama kioo, mshale uko kwenye 4. Mle ndani joto la asubuhi lilikuwa bado lipo, na jiko lilikuwa kimya kwa sababu digrii zilitosha. Ungejuaje? Ukaingia, ukafunga mlango nyuma yako, kama tunavyofanya sote, ukungu usije ukalowesha maua. Baridi uliyoingia nayo ikakigusa kile chuma. Kikajikunja. Kikafanya kazi yake sawasawa, maana ulikifunga vizuri. Jiko likawaka, na feni ya kusambaza joto ikapiga moshi wa kona juu yako.

Na fyuzi ilikuwa ukutani. Miaka minne hukuwahi kushika waya fyuzi ikiwa ukutani. Nimelifikiria hili kila siku, na jibu ni moja tu: kwa klipu moja hukuona haja, kwa sababu pini zingekulinda. Pini ni namba. Namba ni zangu.

Mama Kristina, mmoja wa wale wanane, ndiye aliyefungua mlango, saa nne na dakika ishirini na tano. Nilipofika ulikuwa umelala kwa ubavu, koleo mkononi, uso wako mwekundu na mzuri kama mtu aliyetoka kuota jua. Niliita jina lako kwa sauti ya kukukaripia. Sijui kwa nini kukukaripia.

Sasa sikia lile ambalo sijamwambia mtu. Saa sita mchana meneja alinituma nikatoe kile chombo nimpelekee kama kilivyo. Nikachomoa fyuzi kwanza. Nilipokikaribia nikaona mshale uko kwenye 6. Jua liko utosini na saa inasema sita. Nilielewa hapohapo, kama mtu anayejumlisha mstari mfupi. Sita na sita, kumi na mbili. Na mkono wangu, mkono huu huu, ukauzungusha mshale mpaka kwenye 12.

Basi. Nilipomkabidhi, pini zilikuwa kwenye 10 na 14, mshale kwenye saa ya Ulaya, hesabu safi kabisa. Akatazama, akatikisa kichwa, akasema kama saa iko sawa basi ni waya. Nilisimama pale. Ningeweza kusema. Sikusema siku hiyo, wala kwenye lori, wala kaburini, wala kwa mama yako alipouliza wazi.

Ila Mama Kristina anajua kitu. Jumatano alinisimamisha kwenye mizani, akanisalimu. "Kamwene, karani. Marehemu alituambia ile saa ya ukutani ni ya kwetu, ikisoma nne tuingie. Mbona karani mkuu anasema ilikuwa ya wazungu?" Nikamwambia labda hakusikia vizuri. Akasema, "Masikio yangu yana miaka hamsini, hayajawahi kunidanganya." Akaweka gunia lake kwenye mizani. Nilisoma uzito wake mara mbili na bado niliandika makosa.

Kesho Jumatatu, saa mbili asubuhi, mkaguzi anakuja kutoka Iringa. Atakuwa na karatasi, na karatasi hiyo inataka sahihi yangu mimi niliyekagua namba: kwamba saa ilikuwa sawa, kosa lilikuwa la waya. Karani mkuu amekwisha kunisomea. Mistari tisa. Jina lako limo mara tatu, langu mara moja, chini, mahali pa kushukuriwa.

Nikitia sahihi, nabaki kwenye mizani. Yudita atahamia kwangu na watoto, watakula, watasoma, na watakua wakijua baba yao alikuwa fundi mbaya. Nikisema kweli, sitabaki hapa, na huenda nikafungwa, na Yudita atajua ni kaka yake. Jana alikuwa ananipigia pasi shati la kesho. Alisema, "Wewe unazijua namba, kaka. Uwaambie Ambakisye hakuwa mzembe." Makaa yalikuwa yanaruka kwenye pasi, naye alikuwa anatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu turudi kutoka Mbeya.

Nimefanya hesabu hii kila upande. Midomo ya kulishwa, miezi ya kufungwa, nyumba, shule. Kila nikijumlisha napata jibu la kutia sahihi. Halafu natia mkono mfukoni nakuta fyuzi, ile uliyoiacha, na hesabu yote inaharibika.

Na nina hasira na wewe, nisikufiche. Kwa nini hukuniambia? Maneno mawili tu: "Nimeiweka kwetu." Ulikuwa na usiku mzima wa Alhamisi. Ulikula ugali nyumbani kwangu! Tuliongea habari za ng'ombe wa mjomba wako mpaka mafuta ya taa yakaisha. Nami kwa nini sikukuuliza? Tuligawana kazi vizuri mno, shemeji, kila mtu na chake, hata hapakubaki mtu wa kusimama katikati.

Lakini ahadi hii nakupa kwa vyovyote, niwe ndani au nje. Wanao nitawafundisha saa zote mbili, ya kwetu na ya kwao, na nitawafundisha kuuliza kabla ya kusahihisha kazi ya mtu. Koleo lako nimelipaka mafuta, nimelifunga kwenye kitambaa. Ni la Tumaini. Barua hii nitaiweka chini yake kwenye sanduku lako la kazi.

Lala salama, shemeji. Udongo wa kwenu ni mweusi na laini, niliushika.

Ila usilale kabla hujanijibu. Sitaki ndoto zenye mafumbo, sitaki ndege juu ya paa. Wewe ulikuwa unajibu moja kwa moja, nijibu hivyo hivyo: nitie sahihi, au niseme? Mkaguzi anafika kesho saa mbili, saa mbili ya kwetu, jua likiwa juu ya miti ya mikaratusi. Kama unataka ninyamaze kwa ajili ya Yudita na watoto, nizuie kabla ya hapo. Saa mbili ikipita sijasikia neno, naiweka fyuzi yako mezani mbele yake, nasema.