Waya ya Masi

Aline mujukuu wangu,

Huku Bukavu tuko wazima. Mama yako amepona malaria, na dada yako alibatiza mutoto juzi. Unauliza sababu gani gari yako ya mbio, ile mulibadilisha moteri, inakataa kuwaka na batri iko mupya. Angalia kwanza waya ya masi, ile inafunga batri kwa chuma ya gari. Nitakuambia namna nilijua.

Nilikuwa kijana garagini. Gari moja, ya mufanyabiashara wa zahabu, nayo tuliibadilisha moteri, kisha ikakataa kuwaka. Rafiki yangu wa kazi Bisimwa ndiye aliweka alarme, ile ya kulia mwizi akigusa gari. Nikaambia patron: "Bisimwa ameharibu waya." Akamufukuza mbele ya watu wote. Kesho yake nikafungua masi: mimi mwenyewe niliikaza juu ya rangi, na umeme haipite kwa rangi. Nikakwangua, gari ikawaka. Nikanyamaza.

Bisimwa akaenda kuchimba zahabu kule Luhwindja. Kisha miaka mingi nikamukuta hospitalini, kule Katana, mapafu imeisha.

"Ile pane ya gari, ubovu ilikuwa wapi?" akaniuliza.

Nikaogopa. "Kwa alarme," nikasema.

"Basi unisamehe, ndugu yangu."

Nikamusamehe, Aline. Tulimuzika wiki ile.

Ni mimi, babu yako.