Kiwanja cha Ng'ombe Kumi na Wawili

Mlalo
4 Machi 2024

Mwanangu Secilia,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani. Hapa hatujambo kwa neema ya Mungu. Kikohozi cha mama yako kimeisha, ila masikio yangu ndiyo yamegoma kabisa. Usipige simu, nitaitikia "ee, ee" bure. Andika, umpe Twaha, dereva wa basi la kosta, ataniletea.

Jambo lenyewe ni hili. Kikundi chetu cha maziwa kimeahidiwa ng'ombe kumi na shirika moja. Ukijumlisha wawili wangu, ni kumi na wawili. Sharti lao ni zizi moja la kisasa lenye kibali cha halmashauri kabla ya Septemba, la sivyo ng'ombe wanapelekwa kikundi cha Bumbuli. Tumechagua palepale lilipo zizi langu, juu ya mfereji. Unaujua ujanja wa baba yako: asubuhi nafungulia maji yanaosha zizi, samadi inateremka yenyewe hadi kwenye kabichi, hakuna wa kubeba kikapu kichwani. Nusu ya bonde wameniiga. Sasa fikiria ng'ombe kumi na wawili!

Nasikia maombi yanapita mezani kwako hapo halmashauri. Gonga muhuri upesi.

Baba yako,
Tobia

Lushoto
19 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mama amepona. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanionea.

Ombi lenu limefika na sikuligongea muhuri. Siwezi kuamua ombi la baba yangu, kwa hiyo nimemkabidhi mkuu wangu, Bwana Kassimu. Lakini sitajificha nyuma yake. Mwongozo anaoufuata niliuandika mimi. Unasema zizi liwe mita sitini au zaidi kutoka mtoni, na uchafu wake usiingie kwenye mfereji. Lako liko hatua ishirini.

Wiki iliyopita tulishuka bonde lote kwa miguu. Mfereji wako ukimaliza kabichi unarudi mtoni, na samadi ambayo kabichi hazikuimaliza inakwenda nayo. Kule chini kwa mama mmoja, Zainabu, wanapochota maji ya kunywa, bwawa limefunikwa na utando wa kijani. Ule ni mwani, Baba. Samadi inaulisha kama inavyolisha kabichi, nao ukioza maji yanakosa hewa. Zainabu anasema hata vyura hawasikiki tena. Alinikaribisha chai ya maji hayohayo, nikanywa yote, kwa sababu nilijua yametoka kwetu.

Sisemi msijenge. Jengeni mbali na mto, sakafu iwe ya zege, shimo la samadi liezekwe, na chini yake pandeni matete yachuje maji machafu.

Mwanao,
Secilia

Lushoto
2 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini mu wazima huko, maana wiki sita sijapata neno. Twaha anasema ulipokea barua, ukaikunja, ukaitia mfukoni, ukaondoka. Bwana Kassimu amewarudishia ombi. Nijibu, Baba, hata kama ni kunitukana.

Mwanao,
Secilia

Mlalo
27 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima, na mvua haijatuonea.

Kukutukana nilikutukana, ila hukuwepo. Nilisema tumesomesha mtu aje atufungie zizi. Mama yako akachoka kunisikiliza, akaniambia niende kwa Zainabu nikaone mwenyewe. Nikaenda. Bwawa nimeliona. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, lakini yule mama aliponitambua alifurahi: "Kumbe ndiye wewe mgosi, mzee wa mfereji!" Ana ng'ombe mmoja, akaniomba nimfundishe ujanja wangu. Secilia, nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Tangu siku ile nabeba samadi kwa kikapu, kichwani, na kina mama wa kikundi wananicheka hadi wanakaa chini.

Shida ni mahali. Tumepima kwa kamba mlima mzima. Tambarare iliyo mbali na mto ni moja tu, kile kiwanja cha juu kwenye mipeasi nilichokukatia wewe. Unayajua maneno ya baba zako wadogo, Kristian na Valentino, kwamba binti hapewi ardhi. Nikikichukua, watasema walijua tangu mwanzo kwamba si chako. Sikichukui. Nitawaambia wenzangu ng'ombe waende Bumbuli, na inaniuma sana.

Baba yako,
Tobia

Lushoto
3 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa shingo.

Jengeni kwenye kiwanja changu. Nimelia kidogo, sikufichi, maana nyumba yangu ya pale nilishaichora hadi madirisha. Lakini nawaandikia watu kila siku wasogee mbali na mto. Zamu yangu ikifika nikikataa, nitawatazamaje?

Mwanao,
Secilia

Mlalo
22 Julai 2024

Mwanangu Secilia,

Marahaba, na Mungu akutunze. Mama yako anakusalimu kwa peasi, ziko kwenye mfuko wa Twaha, zihesabu mbele yake.

Barua yako niliisoma kikundini, baba zako wadogo wakiwepo. Kisha tukajaza fomu mpya. Tulipofika penye "mwenye ardhi", katibu akaniuliza aandike nani. Nikamwambia sina ardhi pale, nilishaigawa. Kristian akatazama dari, akatazama miguu yake, mwishowe akasema, "Andikeni Secilia, jamani, ng'ombe watatupita." Yeye na Valentino wametia sahihi kama majirani wa kiwanja, mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Zizi ni la kikundi, ardhi ni yako, na imeandikwa hivyo kwenye nakala tatu.

Fomu hii hapa. Kassimu ndiye ataamua. Wewe kaa mbali na uamuzi kama ulivyosema, ila kwanza geuza ukurasa wa pili. Mstari wa sahihi ya mwenye ardhi uko wazi. Kristian alitaka nitie sahihi yangu ili tusichelewe, nikamwambia tusubiri, mwenyewe yupo.

Baba yako, na sasa jirani yako,
Tobia